Hawezi, Hana Uwezo, Hakukata Shauri: Historia ya Maneno ya Sheria juu ya Akili ya Mtu katika Pwani ya Tanga

Katika pwani ya Mrima, tangu Moa na Tanga hadi Pangani na Saadani, mtu aliyeulizwa zamani hali ya mgonjwa wake alijibu kwa neno moja tu: "Hawezi." Muulizaji hakuuliza tena hawezi nini, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa limetimia. Asiyeweza ndiye mgonjwa, na akipona husemwa kuwa hajambo. Katika kitenzi hicho hicho cha kuweza limetoka jina uwezo, na jina hilo ndilo walilolishika wanasheria wa siku hizi kwa kutajia jambo zito sana, yaani hali ya mtu kutambuliwa na sheria kuwa neno lake lina nguvu: anunuapo na auzapo, aoapo au aolewapo, ausiapo, apigapo kura, akubalipo tiba au aikataapo.

Yafaa neno hili lichunguzwe sasa kuliko wakati wowote uliopita. Kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo kazi ya kuzitia sheria katika Kiswahili imekuwa kazi ya dola. Wakati huo huo mataifa mengi yamo katika kuzirekebisha sheria zao juu ya watu wenye maradhi ya akili na wale wenye upungufu wa ufahamu, ili mtu wa namna hiyo asaidiwe kuamua mambo yake badala ya kuamuliwa na mwingine. Kwa hiyo mfasiri na mtunga sheria wamekutana mlango mmoja. Neno litakalowekwa leo katika kifungu litakaa humo miaka mingi, na hakimu atalifuata.

Na uwekwe mbele ya msomaji mfano wa mtu wa Pangani aliyerithi fungu lake katika shamba la minazi pamoja na ndugu zake. Mtu huyu tangu utoto wake ni mzito wa hesabu na wa maneno marefu. Lakini aijua minazi iliyo yake, amjua anayempa chakula, na ajua kwamba hataki shamba liuzwe. Ndugu wakitaka kuuza, je, neno lake ni neno? Historia ya sheria katika pwani hii ni historia ya majibu mbalimbali ya swali hilo, na kila jibu lilikuja na msamiati wake.

I. Lugha ya sheria kabla ya tafsiri

Wako wadhanio kwamba Kiswahili kimeanza kubeba sheria kwa kufasiri Kiingereza. Mji wa Tanga ni ushahidi wa kukanusha dhana hiyo. Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, mwana wa Hemedi bin Abdallah aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi, aliandika kwa Kiswahili juu ya sheria ya Kiislamu. Kitabu chake cha mirathi kilichapishwa mwaka 1923 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya P. E. Mitchell, aliyekuwa ofisa wa Serikali ya Mwingereza. Kile cha nikahi kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1959, kikafasiriwa na J. W. T. Allen. Hapo mwendo wa tafsiri ulikuwa kinyume na wa leo: Mwingereza ndiye aliyehitaji kufasiriwa sheria iliyokwisha kusemwa kwa Kiswahili. Maneno kama wasia, hiba, wakfu, wakili, shahidi, idhini na ridhaa yalikuwa yamezoeleka katika mabaraza ya makadhi na katika nyumba za watu.

Sheria iliyofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ilikuwa ya madhehebu ya Imamu Shafi, na miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana ni Minhaji ya Imamu Nawawi. Katika fikihi hiyo kuna mlango maalumu juu ya kumzuilia mtu asitumie mali yake. Watu watatu hutajwa hasa, nao ni mtoto, mwenye wazimu, na safihi, yaani mtu mwenye akili zake lakini asiyejua kuhifadhi mali. Ajuaye Kiswahili atatambua mara moja ya kuwa neno hili la mwisho limegeuka lilipovuka bahari. Kwa Kiswahili safihi ni mfidhuli, mwenye maneno machafu, na maana ya kisheria imebaki kwa wanavyuoni peke yao.

Mambo mawili katika mlango huo yafaa yakumbukwe. La kwanza ni kwamba kizuizi cha mwenye wazimu huingia wazimu uingiapo na huondoka akili irudipo, bila ya kungoja hukumu ya kadhi. Hali ndiyo inayohukumu, wala mtu hapewi cheo cha kudumu. La pili ni kwamba safihi hakunyimwa kila kitu. Hawezi kuuza peke yake, lakini wasia wake ni sahihi na talaka yake hupita. Kwa hiyo swali la mwanachuoni halikuwa, "Je, mtu huyu anao uwezo?" Lilikuwa, "Je, jambo hili, katika hali hii, laweza kutoka kwake?"

Lakini si haki kuipamba zamani kupita kiasi. Mwenye wazimu, muda wote wa wazimu wake, aliamuliwa na walii, ambaye ni baba, kisha babu wa upande wa baba, kisha wasii, kisha kadhi. Walii alitakiwa kutazama maslahi ya aliye chini yake, na matakwa ya mtu mwenyewe hayakuwa na mahali pakubwa. Katika maisha ya kila siku, nje ya vitabu, wako waliofungwa kamba na pingu majumbani, na wako waliopigwa kwa nia ya kumtoa pepo. Mambo hayo hayajakoma kabisa hata leo.

II. Usemi wa watu

Mbali na fikihi, usemi wa kawaida wa pwani una sarufi yake juu ya akili. Mtu husemwa kuwa ana wazimu, amepandwa na pepo, amepagawa, amerukwa na akili, au akili zimemruka. Semi hizi zote ni sentensi zenye kitenzi. Kitenzi kina wakati, na chenye wakati kina mwisho: aliyerukwa na akili jana huenda akili zikamrudia kesho. Hata wazimu wenyewe ni kitu alicho nacho mtu, kama vile awavyo na homa au na njaa. Waganga wa pwani walipompunga mtu pepo, walisema na pepo na kupatana naye, ili mwenye mwili arudi katika nafasi yake. Katika itikadi hiyo mtu mwenyewe hakupotea; alikuwa amezibwa tu.

Pamoja na semi hizo yapo majina: mwendawazimu, kichaa, punguani, taahira, juha, zuzu. Jina halina wakati. Likikwisha kumkaa mtu, hufuatana naye hata siku zile ambazo akili zake zimetulia. Tofauti hii ya kitenzi na jina yaweza kuonekana kuwa ndogo, nayo ndiyo ufunguo wa historia yote inayofuata, kwa kuwa sheria zilizokuja baadaye zilipenda majina kuliko vitenzi.

III. Kilima cha Lutindi

Mwaka 1890 Wadachi walilipia haki za Sultani wa Unguja juu ya ukanda wa pwani, baada ya vita vya Abushiri vilivyoanza Pangani mwaka 1888. Serikali yao iliwatumia maliwali na maakida, na mambo mengi ya ndoa na mirathi yakaachwa kwa wenyeji. Lakini jambo moja jipya lilizaliwa katika milima ya Usambara, juu ya Korogwe. Mahali paitwapo Lutindi palijengwa mwaka 1896 nyumba ya kulelea watoto waliokombolewa utumwani. Mnamo miaka ya 1904 na 1905 nyumba hiyo ikageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili chini ya Misioni ya Bethel, nayo ikawa ya kwanza ya namna yake katika koloni hilo. Misioni hiyo ilichukua jina na mwendo wake kutoka Bethel ya karibu na Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kuwatunza wenye kifafa, ambapo kazi za mikono zilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Reli iliyotoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe tangu mwaka 1902, hata mgonjwa wa pwani aliweza kupelekwa mlimani kwa safari isiyo ndefu.

Lutindi ipo hadi leo, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na wengi wamepata nafuu pale. Katika historia ya maneno, hata hivyo, umuhimu wake ni mwingine. Kabla yake, mtu aliyerukwa na akili alikuwa suala la nyumba, la mganga na la kadhi. Baada yake palikuwapo pahali pake maalumu, na penye pahali pa watu fulani hupatikana pia jina la watu hao. Neno mgonjwa wa akili lilileta huruma ambayo neno mwendawazimu halikuwa nayo. Lakini lilimtia mtu katika kundi, na kundi likatiwa katika daftari.

IV. Sheria mbili za Mwingereza

Mwingereza alipoishika Tanganyika alileta sheria nyingi zilizokwisha kutungwa kwa ajili ya Bara Hindi, kwa amri ya mwaka 1920. Mojawapo ilikuwa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo maneno yake makuu yalichukuliwa baadaye katika Sheria ya Mikataba ya Tanganyika, Na. 1 ya mwaka 1961. Sheria hiyo yasema kuwa mtu ana akili timamu kwa ajili ya mkataba ikiwa, wakati wa kuufanya, aweza kuufahamu na kupima jinsi utakavyogusa maslahi yake. Tena yasema wazi kuwa mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu, lakini mara nyingine huwa nazo, aweza kufanya mkataba wakati awapo nazo. Mwanachuoni wa Tanga asingeshangazwa na kifungu hicho. Ni sheria ya kitenzi: yauliza jambo gani na wakati gani.

Lakini kando ya sheria hiyo ilisimama nyingine, Sheria ya Magonjwa ya Akili, iliyojulikana kwa Sura ya 98. Hii ilitazama kupokewa na kuzuiliwa kwa wagonjwa hospitalini. Hospitali kubwa iliyojengwa kwa kazi hiyo katika miaka ya 1920 ilikuwa Mirembe, kule Dodoma, mbali sana na bahari. Nayo Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 ilipotaka kuwahifadhi wanawake wenye upungufu wa akili wasiharibiwe, iliwataja kwa majina ya Kiingereza ambayo leo ni matusi. Nia ilikuwa hifadhi, na chombo kilichotumika kilikuwa jina la kudharaulisha. Hizi zilikuwa sheria za jina, zenye kuuliza mtu ni wa kundi gani.

Sheria za namna mbili zilikaa pamoja katika kabati moja, na pale zilipogongana, ile ya jina ndiyo iliyoshinda katika maisha ya watu. Aliyekwisha kuandikwa daftarini kuwa mgonjwa wa akili hakuulizwa tena kama siku ile alifahamu.

V. Baada ya Uhuru

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliondoa mahakama za maliwali na makadhi katika Tanganyika, ikaweka mahakama za mwanzo ambazo lugha yake ni Kiswahili. Sheria ya Kiislamu iliendelea kutumika katika mambo ya mirathi na mengineyo, lakini sasa mbele ya hakimu wa serikali. Hivyo msamiati wa kadhi na ule wa bwana shauri ulianza kuishi katika chumba kimoja. Wanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliliona tatizo mapema. A. B. Weston wa Kitivo cha Sheria aliandika mwaka 1965, katika jarida la Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, juu ya shida za kuifanya lugha ya taifa kuwa lugha ya sheria.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilihifadhi mitazamo yote miwili. Kifungu kimoja chasema kuwa ridhaa si ya hiari ikiwa mtu, kwa maradhi ya akili ya kudumu au ya kupita, au kwa ulevi, hakufahamu vema maana ya sherehe aliyoifanya. Hicho ni kifungu cha kitenzi, nacho kinamweka mlevi na mgonjwa katika mizani moja, kwa kuwa kinachopimwa ni ufahamu wa siku ile. Kifungu kingine chairuhusu ndoa itanguliwe ikiwa mmoja alikuwa na wazimu au kifafa cha kujirudia. Hapa ufahamu hauulizwi kabisa. Mwenye kifafa aweza kuwa mwalimu au mfanyabiashara hodari, lakini jina la maradhi latosha.

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 5, yaliruhusu Bunge kuweka masharti ya kumzuia raia asipige kura, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni "kuwa na ugonjwa wa akili". Haikusemwa ugonjwa wa kiasi gani, wala wa wakati gani. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilichukua nafasi ya sheria ya mkoloni na kulisahihisha jina lenyewe: magonjwa yakawa afya. Hata hivyo mwendo wake kuhusu mali ya mgonjwa ni ule ule wa kumwekea msimamizi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikaongeza kanuni ya kuheshimu uhuru wa mtu kujichagulia mambo yake. Kanuni hiyo ni njema, lakini haikufuatwa na utaratibu wa kuonyesha mtu mwenye shida ya ufahamu atasaidiwa namna gani hata achague.

VI. Mkataba na tanbihi iliyofutwa

Tarehe 13 Desemba 1906 haikuwa siku ya jambo hili. Ilikuwa karne moja kamili baadaye, tarehe 13 Desemba 2006, ambapo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 12 yasema kuwa watu wenye ulemavu wana haki, sawa na wengine, ya kile ambacho Kiingereza hukiita kwa jina lenye maana ya uwezo mbele ya sheria, na kwamba dola lazima ziwapatie msaada wauhitajio katika kukitumia.

Wataalamu wa lugha hawajalizingatia vya kutosha jambo lililotokea wakati ibara hiyo ilipokuwa ikitungwa. Katika rasimu ya Agosti 2006 ilitiwa tanbihi yenye kusema kwamba katika Kiarabu, Kichina na Kirusi neno hilo lina maana ya kustahili kuwa na haki, si kustahili kutenda. Kama tanbihi ingebaki, mtu angeweza kuambiwa kuwa shamba ni lake lakini hawezi kusema neno juu yake. Ilifutwa kabla ya Mkataba kupitishwa. Mabishano makubwa ya sheria za dunia yalisimama hivyo juu ya tafsiri ya neno moja.

Ajuaye fikihi hawezi kustaajabu, maana wanavyuoni wa Kiislamu walikwisha kuyatenga mambo hayo mawili karne nyingi zilizopita. Neno lao ni ahliya. Iko ahliya ya kupata haki na kulazimika, ambayo kila binadamu anayo, hata mtoto mchanga. Na iko ahliya ya kutenda, ambayo huja kwa baleghe na akili. Mkataba wa 2006 umeziunganisha tena: mwenye haki ni mwenye kutenda, na akipungukiwa na ufahamu apewe msaada, asinyang'anywe kitendo.

Mwaka 2014 Kamati ya Mkataba huo ilifafanua kwamba kipimo cha akili kisitumiwe kuwa sababu ya kumnyima mtu hadhi hiyo, na kwamba mahali pa maslahi yawekwe matakwa ya mtu mwenyewe. Si wanasheria wote waliokubali. Wengine huuliza itakuwaje kwa mtu aliyezimia, au kwa yule ambaye matakwa yake hayajulikani hata kidogo, na swali lao ni la haki. Lakini baadhi ya nchi zimekwisha kuchukua hatua. Peru mwaka 2018 na Colombia mwaka 2019 ziliondoa usimamizi wa kumwamulia mtu mzima kwa sababu ya ulemavu, zikaweka utaratibu wa msaada. Sheria ya Ireland ya mwaka 2015 ilianza kutumika mwaka 2023. Karibu zaidi, Uganda ilitunga sheria mpya ya afya ya akili mwaka 2018, na Kenya ikairekebisha yake mwaka 2022.

VII. Kuamua, kuamulia, kukata shauri

Mkataba una matini rasmi katika lugha sita, na Kiswahili si mojawapo. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili ana uhuru, na pamoja na uhuru huo ana dhima. Maneno matatu yamngoja.

La kwanza ni uwezo. Mwanzoni ilionyeshwa kwamba hawezi, katika Kiswahili cha pwani, ndiye mgonjwa. Ikiandikwa katika sheria kwamba kila mtu ana "uwezo wa kisheria", msikilizaji wa Pangani atauliza mara moja: na asiyeweza je? Neno lenyewe lachanganya nguvu ya mtu na hadhi yake, na kuyatenga hayo mawili ndiyo shabaha ya ibara ya 12. Liko neno lifaalo zaidi, na halihitaji kuundwa upya. Kitenzi kustahili kimetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotoa ahliya. Kusema ustahili wa kisheria ni kurudi katika shina lenyewe la elimu hiyo, kwa neno ambalo kila mtu alijua. Hapo uwezo utabaki na kazi yake halisi ya kutaja ufahamu na nguvu za mtu, ambazo hupanda na kushuka. Sheria itaweza kusema bila kujipinga kwamba mtu amepungukiwa na uwezo lakini hakupungukiwa na ustahili.

La pili ni msimamizi. Kusimama ni tendo la mtu mwenyewe, na kusimamia ni kusimama juu ya jambo au badala ya mwenyewe. Neno hili limezoeleka sana katika msimamizi wa mirathi, yaani mwenye kushika mali ya marehemu. Ukimwekea mtu aliye hai msimamizi, umemsema kwa lugha ya waliokufa. Kinyambo kile kile hufanya kazi katika kuamulia: kumwamulia mtu ni kuamua kwa ajili yake naye hayumo. Afadhali sheria iseme msaidizi, au mshauri, na kitendo kiwe kumsaidia kuamua, ili mwenye jambo abaki kuwa mtendaji wa sentensi kama awavyo mtendaji wa jambo lenyewe.

La tatu ni kuamua kwenyewe. Maana yake ya zamani ni kuwatenga wanaopigana na kukata kesi ya watu wawili, na ndiyo sababu mwenye kazi hiyo huitwa mwamuzi. Ilikuwa kazi ya mtu wa tatu. Mtu alipofikia neno katika jambo lake mwenyewe, Waswahili walisema amekata shauri. Shauri ni mazungumzo ya watu zaidi ya mmoja: hufanywa, huombwa, hupewa, kisha hukatwa. Anayelikata ni mmoja, naye ni mwenye jambo. Usemi huu wabeba kwa maneno mawili yale ambayo sheria mpya za dunia zimeyaeleza kwa kurasa nyingi, kwamba hakuna mtu aamuaye peke yake, na kwamba kupewa shauri hakumwondolei mtu haki ya kulikata. Mzee asomewapo hati na mjukuu wake, mgeni aulizapo bei kwa mwenyeji, na mtu mzito wa hesabu ahesabiwapo nazi na jirani, wote hao wamo katika tendo moja, nalo si tendo la wagonjwa peke yao.

Hapana budi, hata hivyo, kukumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ndugu awezaye kumsaidia mtu ndiye pia awezaye kumla. Hadhari hii nayo inayo asili katika sheria za nchi. Amri ya mwaka 1963 iliyotangaza sheria za mila kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba iliagiza kuwa wosia wa mdomo ushuhudiwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Wenye ukoo wanajua habari za mtu, na walio baki hawana fungu katika mali yake. Msaidizi wa kuamua aweza kuwekewa sharti la namna hiyo, ya kuwa jambo kubwa kama kuuza ardhi lisipite mbele ya ndugu peke yao.

VIII. Mwisho wa shauri

Arudiwe sasa mtu wa Pangani na shamba lake. Chini ya fikihi, kadhi angeuliza kama amebaleghe na kama anajua kuhifadhi mali, na pengine angemwachia walii. Chini ya sheria ya mikataba angeulizwa kama siku ile alifahamu. Chini ya Sura ya 98 angetafutiwa jina, na jina likipatikana, angepatiwa msimamizi. Chini ya Mkataba ulioridhiwa mwaka 2009, ingepasa aketi barazani pamoja na mtu anayemwamini, aelezwe kwa maneno mepesi maana ya kuuza na ya kutouza, apewe muda, kisha asikilizwe. Akisema hataki, hilo ni neno lake. Ndugu wenye shida ya fedha watatafuta njia nyingine, kama ambavyo wangeitafuta kama mwenye kukataa angekuwa mwanachuoni.

Sheria ya namna hiyo bado haijatungwa Tanzania, na wakati wa kuitunga utafika ikiwa tayari inaandikwa kwa Kiswahili. Ikiwa mtungaji atafasiri neno kwa neno, atatoa kifungu chenye kusema kwamba wasioweza wanao uwezo, na watu wa pwani watacheka kisha waendelee kama zamani. Akichimba katika lugha yenyewe, atakuta msingi uliokwisha kuwekwa: ustahili ambao hauondoki, akili ambayo huruka na kurudi, na shauri ambalo hufanywa na wengi likakatwa na mwenyewe.